Kobe wa kupewa: tanki la kioo, meza ya mbao au banda la nje?

mlezi_mpya
Habarini wadau. Kuna jamaa alikuwa anahama akaniachia kobe wawili, nimewapokea kwa moyo mmoja na nataka niwalee inavyotakiwa sio kubahatisha. Wamekuja na tanki la kioo, taa moja na bakuli, maelezo hakuna kabisa, hata aina yao sijui. Wote wanalingana na sahani ndogo ivi. Sasa nipo njia panda, niendelee na tanki hilo hilo niliweke karibu na dirisha wapate jua, au nitengeneze meza ya mbao, yaani boksi pana lenye kuta na wazi juu, nimeona wengi wanaisifia, au niwajengee banda nje moja kwa moja? Nani ametumia zaidi ya moja anipe tofauti. Na hao wawili nawaweka pamoja kama walivyokuja.

gamba_gumu
Hongera kwa kuwachukua. Tanki mimi siliungi mkono kwa kobe wa ukubwa huo. Kobe haelewi kioo, anaona ng'ambo ya pili anataka kwenda, anakwangua na kusukuma pale pale kutwa nzima na hiyo ni stresi. Afu nafasi ni finyu, ukiwasha taa tanki zima linapata joto moja wakati kobe anatakiwa awe na upande wa moto wa kuota na upande wa poa wa kukimbilia, manake mwili wake hautengenezi joto wenyewe, anajipasha na kujipoza kwa kuhama. Chini ya taa iwe nyuzi joto 32 mpaka 35 za Selsiasi, upande wa pili 22 au 24 hivi. Kwenye meza ndefu hilo linawezekana kirahisi, kwenye tanki dogo utahangaika.

fundi_taa
Naomba nidakie hapo kwenye dirisha kabla hujaweka kitu. TAFADHALI USIWEKE TANKI DIRISHANI. Kioo kinazuia mionzi ya UVB karibu yote, kwaiyo jua la kupitia dirishani linampa mwanga na joto tu, ile faida ya kutengeneza vitamini D3 hapati, na bila D3 kalsiamu anayokula haiingii mwilini, mifupa inalainika na gamba linapinda. Upande wa pili tanki kwenye jua linapanda joto haraka mno, kobe anaweza kufa humo ndani na wewe upo chumba cha pili.

Hiyo taa uliyopewa angalia imeandikwa nini. Balbu nyingi zinazouzwa ni za joto tu hazina UVB. Ukikaa naye ndani nunua taa ya UVB ya mrija mrefu, iwashe saa 12 kwa siku, umbali ufuate maelezo ya kwenye boksi, usiweke kioo wala plastiki katikati. Na uibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, mwanga unaouona wewe unabaki ila UVB inakuwa imeshapungua. Kwa kuwa yako ni ya kupewa na hujui imetumika muda gani, ihesabu kama imekwisha. Zile balbu nyekundu za usiku achana nazo, kobe wanaona rangi na usiku wanahitaji giza.

bi_kobe
gamba_gumu nakubaliana nawe kwa kobe wakubwa ila tusilitupe tanki moja kwa moja. Watoto wachanga wa kobe wanahitaji unyevu, na meza iliyo wazi kwenye chumba kikavu chenye taa ya joto juu inawakausha vibaya. Lile gamba la vilima vilima watu wengi wanasema ni protini nyingi, lakini utafiti wa mwaka 2003 kwa watoto wa sulcata, ile aina ya kobe wakubwa wa Afrika, ulionyesha ukavu wa hewa ndo ulichangia zaidi. Kwaiyo kwa mtoto mdogo boksi lililofunikwa, hata tanki ukiziba kuta zake kwa nje na karatasi asione ng'ambo, linamfaa kuliko meza. Hawa wa sahani ndogo wameshavuka hapo, wengi ukubwa huo meza inawatosha.

kijani_tupu
Mnajadili nyumba kabla ya kumjua mpangaji. mlezi_mpya, hesabu kucha za miguu ya mbele, afu angalia mapajani kwa nyuma kama kuna vipembe, na utuambie rangi za magamba. Jibu la banda lote linategemea hapo.

mlezi_mpya
Nimeangalia. Mmoja ana rangi ya mchanga kama kahawia iliyopauka, kucha 5 mbele, na nyuma mapajani ana vipembe vikubwa vinaonekana wazi. Mwingine ni wa duara, bapa kidogo, rangi ya kijani-kahawia ana madoa meusi, kucha 4 mbele na 4 nyuma. Nlidhani ni dume na jike tu!

kijani_tupu
Basi hao ni aina mbili tofauti. Wa vipembe anaelekea kuwa sulcata, huyo asili yake ni ukanda wa Saheli, pale ukingoni kusini mwa jangwa la Sahara. Wa kucha 4 anaelekea kuwa kobe wa Horsfield, wengine wanamwita kobe wa Kirusi, yeye ametoka Asia ya Kati. Picha za juu, chini na mapaja mpelekee daktari wa wanyama athibitishe.

Sasa ona tofauti yao. Horsfield anaishia sentimita 20 na kidogo, meza kubwa yenye udongo wa kina anaweza kuishi vizuri humo kipindi ambacho nje hakufai, na unyevu mwingi wa kudumu ni mbaya kwake. Sulcata huyo huyo ambaye leo analingana na sahani anaweza kupita kilo 45, urefu wa gamba hata sentimita 80, na anaishi zaidi ya miaka 50. Hakuna meza ya kumweka huyo. Kwake banda la nje ndo jibu, ndani ni pa kupita tu mpaka akue. Kama huna eneo la kutosha sema mapema atafutiwe mlezi mwenye eneo, hiyo nayo ni kumpenda. Na omba karatasi kwa aliyekupa, kobe wote wa nchi kavu wapo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na sulcata wa porini toka mwaka 2000 kiwango cha kuuzwa nje kibiashara ni sifuri.

bi_kobe
Na WATENGANISHE LEO. Sio kesho. Aina moja inaweza kubeba virusi vya herpes au bakteria wa mycoplasma bila dalili yoyote ikaua aina nyingine. Usitumie bakuli moja, nawa mikono unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, nawa pia kwa ajili yako na watoto nyumbani manake wanabeba bakteria wa salmonella. Halafu kobe hana hamu ya mwenzie kama tunavyofikiria, ukiwaona wamelala kona moja usione ni mapenzi, mara nyingi wanagombania sehemu nzuri na mnyonge anazidi kunyong'onyea taratibu. Peleka kinyesi cha kila mmoja kikapimwe minyoo, pima uzito kila wiki uandike. Mapovu puani, macho yaliyovimba, kuhema mdomo wazi, hapo usisubiri kabisa.

shamba_wazi
Mimi ni mtu wa banda la nje toka zamani, nimetumia meza pia, tofauti naiona kwenye kobe wenyewe. Akiwa nje anatembea, anachimba, anachagua nyasi mwenyewe, jua analipata la moja kwa moja, hata hamu ya kula inabadilika. Ila banda sio uzio tu. Ukuta uwe wa kuziba asione nje, la sivyo atauzunguka siku nzima anatafuta pa kutokea. Uzike chini sentimita 30 au zaidi, Horsfield ni mchimbaji hodari na anapanda kona pia, sulcata mkubwa anachimba shimo la mita kadhaa kwaiyo kwake ukuta wa kawaida hauzuii kitu. Weka kivuli, kibanda kikavu cha kulala, sahani pana ya maji. Funika juu kwa wavu wakiwa wadogo, kunguru, panya na mbwa wote ni hatari, mbwa wa nyumbani mpole anatafuna gamba na gamba lina mishipa ya fahamu, linauma.

mlezi_mpya
Asanteni sana, nimeshawatenganisha, wa vipembe yupo kwenye boksi kubwa la mbao na Horsfield nimemuachia chumba kingine. Eneo la nje ninalo kubwa, nitaanza ukuta. Mpaka hapo nawalisha nini? Na msimu wa baridi ukifika nawalaza?

kijani_tupu
Sulcata nyasi na majani makavu ndo chakula kikuu, magugu juu yake. Horsfield magugu ya majani mapana, tena ya aina mbalimbali. Yasiwe yamepuliziwa dawa. Matunda hapana kwa wote wawili, chakula cha mbwa hapana, spinachi usizoeshe. Mfupa wa dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, acha humo ndani wajitafunie kalsiamu. Waloweshe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika kidevuni dakika 15 hadi 20, mara 2 au 3 kwa wiki, ile kitu nyeupe wanayotoa na mkojo ikiwa laini maji yanatosha, ikiwa na chenga hawanywi vya kutosha. Siku za mwanzo akila kidogo usiogope, mazingira mageni.

Kulala: sulcata halali usingizi wa baridi, ule mrefu wa msimu mzima, ukimwacha kwenye baridi anaugua mapafu. Horsfield kiasili analala, lakini kobe uliyempata juzi, hujui historia yake na hajapimwa, mwaka huu usimlaze. Mpe joto na taa kama kawaida, uzito wake ukishatulia na daktari akamkagua ndo mtapanga msimu unaofuata.