Kila "get" nikiitafsiri "pata" naharibu. Naomba ushauri

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Kiingereza nasoma na kuandika bila shida kubwa, ila kuna kitenzi kimoja kifupi kinanitoa jasho: *get*. Shuleni tulikaririshwa kwamba ni "kupata", basi. *I got a letter*, sawa, nilipata barua. Lakini *I got home*? Nilipata nyumbani? *I've got to go* ndiyo kabisa, hapo nanyoosha mikono.

Kilichonileta hapa ni jambo la kazini. Msimamizi wangu aliniandikia: *Get the report checked by Thursday.* Nikaelewa niikague ripoti, isipite Alhamisi. Nikakesha nayo mstari kwa mstari, nikaiwasilisha. Akauliza ameikagua nani. Nikasema mimi. Kumbe alitaka nimpe mtu mwingine, kwa kuwa mwandishi wake ni mimi mwenyewe. Ikarudishwa, na kazi za wenzangu zilizoitegemea zikachelewa. Imeniuma, maana sikuzembea, na kila neno katika ile sentensi nalijua. Je, kuna kanuni, au ni kukariri tu?

Mtafsiri wa Usiku

Pole sana mkuu. Kanuni ipo: usiikodolee macho *get*, tazama kinachoifuata.

Ikifuatwa na jina la kitu, ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. *Get me a chair* ni "niletee kiti". Ikifuatwa na mahali, ni kufika. Ikifuatwa na sifa, ni kuingia katika hali hiyo: *get tired* ni kuchoka, *get angry* ni kukasirika, *get wet* ni kulowa.

Yako ni aina nyingine: *get*, halafu kitu, halafu kitenzi katika umbo la tatu kama *checked*. Maana yake hakikisha kitu hicho kinafanyiwa kazi hiyo, na mara nyingi anayeifanya ni mwingine. *I cut my hair*, nilijikata nywele. *I got my hair cut*, nilikatwa nywele, kuna aliyenikata.

Jicho la Tatu

Naongezea, ili mleta uzi asijilaumu kupita kiasi. Muundo huo hauzuii mtendaji kuwa wewe. *I'll get the work finished tonight* anaweza kuisema mtu anayeimaliza peke yake. Kwa hiyo sentensi ya msimamizi ilihitaji mazingira ili ieleweke, na angeongeza *by someone else* usingekesha bure. Siku nyingine uliza mapema: nikague mwenyewe, au nimpe mtu?

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha lugha hizi mbili muda mrefu, na jambo hili nalipenda. Kiswahili chetu kinamaliza mambo ndani ya kitenzi chenyewe. Tuna vunja, vunjwa, vunjika. Tuna cheka, chekesha. Kiingereza hakina minyambuliko ya namna hiyo, ndiyo maana kazi nyingi za viambishi vyetu huangukia *get*. *It got broken*: kilivunjika, au kilivunjwa. *I got her to laugh*: nilimchekesha. *We got lost*: tulipotea. *Get married* peke yake inabeba kuoa, kuolewa na kuoana!

Kwa hiyo kabla ya kuandika "pata", jiulize kama kuna kitenzi cha Kiswahili ambacho mwisho wake umeshabeba maana hiyo. Mara nyingi kipo.

Tena tusiionee *get*, kwani pata yetu nayo ina mengi. Kisu kikiwa kikali tunasema kinapata. Msiba unampata mtu. Watu waliokosana wanapatana. Na tunaposema "sikupata kumwona", hapo tumekutana na Kiingereza uso kwa uso: *I didn't get to see him*. Hiyo ndiyo *get to* ya kupata nafasi, na mswahili anaielewa bila kufundishwa.

Kariri Tu

Mimi nasema chukua orodha ya *get up, get off, get over, get through, get by*, kariri kumi kila siku. Mwezi mmoja umemaliza.

Mtafsiri wa Usiku

Hapana mkuu, hapo sikubaliani nawe. Nilipita njia hiyo, nikabaki nimechanganya *get over* na *get through*. Zilinikaa nilipoanza kuandika sentensi nzima nilizokutana nazo. *She got over the illness*, amepona, yameisha. *She got through the exam week*, ameivuka wiki ile ngumu. Orodha haikuonyeshi nani kafanya nini.

Kalamu Nyeusi

Naomba kuingilia: *gotten* ni kosa? Mwalimu wetu alikuwa anaikata kwa wino mwekundu.

Mwalimu Mstaafu

Si kosa. Ni umbo la zamani ambalo Wamarekani wamelihifadhi, huku Waingereza wengi wakisema *got*. Ila hata Waingereza wanasema *forgotten*. Na Mmarekani anatofautisha: *I've got a car*, ninalo gari, *I've gotten a car*, nimepata gari. Chagua upande mmoja uandike hivyo mpaka mwisho. Kwenye barua rasmi, *receive*, *obtain* au *become* hukaa vizuri zaidi.

Mleta uzi

Shukrani sana wakuu, mwalimu umenifungua macho. Nimetunga hizi, nisahihishieni:

*I got my brother help me.*
*I got fixed my phone.*
*I got to see the doctor*, nikimaanisha ni lazima nimwone daktari.

Jicho la Tatu

Ya kwanza imekosa *to*: *I got my brother to help me*. Ungetumia *make* ndipo *to* ingeondoka, ila hapo ungekuwa umemlazimisha. Kwa *get* umemshawishi au umemwomba akakubali.

Ya pili geuza, kitu kitangulie: *I got my phone fixed*.

Ya tatu kuwa makini sana. Ulivyoandika ni "nilipata nafasi ya kumwona daktari", tayari umemwona. Lazima ni *I've got to see the doctor*. Kwenye mazungumzo utasikia watu wakiimeza hiyo *have*, lakini wewe iandike.

Mleta uzi

*I got it.* Na hii ni "nimeelewa", sio?

Jicho la Tatu

Ndiyo mkuu, hiyo hiyo.