Ushauri: naunga sinthesaiza ya bodi mwenyewe, niko Mtwara

Chuno_Sauti (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nina seti ya sinthesaiza (ala ya muziki inayotengeneza sauti kwa umeme) ya analojia ya kuunga mwenyewe: bodi tupu, rezista 94, kapasita za aina zote, aisii (chipu) TL072 nne, TL074 moja, LM13700 moja, transista BC547 na BC557, volyumu tisa na jeki sita. Ina oskileta moja (inayozalisha sauti), filta (inayoichuja) na envelopu (inayopanga sauti ipande na kushuka vipi). Umeme wake ni volti 12 chanya na volti 12 hasi. Kwenye bodi kuna nafasi ya regyuleta 7812 (ya chanya) na 7912 (ya hasi), dayodi mbili za 1N4004 na kapasita mbili za 470µF 25V. Adapta ya volti 12 ampia 1 ipo.

Naomba mwongozo: nianze na vipande gani, pasi ya kuungia iwe na joto kiasi gani, na nipime nini kabla sijachomeka aisii? Kuunga redio si tatizo, ila umeme wa pande mbili ni mgeni kwangu.

Msimbati_Ngoma

Ngoja waje wenye fani. Naweka kambi hapa.

FundiVolti

Karibu mkuu. Anza na vifupi, malizia na virefu: rezista, dayodi, soketi za aisii, kapasita za udongo, transista, regyuleta, kapasita za kopo, kisha volyumu na jeki. Ukiilaza bodi kifudifudi, meza ndiyo inashikilia kipande. Ukitanguliza virefu, vifupi vitaning'inia na utaviunga vikiwa vimepinda.

Kinachoharibu seti nyingi ni rezista. Hizo za bluu zenye mistari mitano zinadanganya macho, kwa sababu kahawia, nyekundu na chungwa hufanana juu ya rangi ya bluu. Kahawia-nyeusi-nyeusi-nyekundu-kahawia ni 10k. Mstari wa nne ukiwa chungwa ni 100k, ukiwa mweusi ni omu 100. Usisome kwa macho, pima kila moja kwa mita kabla haijaingia kwenye tundu. Rezista 94 ni kazi ya nusu saa, na kuitafuta moja iliyokosewa baadaye ni kazi ya siku mbili.

Kapasita za udongo: 102 ni nanofaradi 1, 103 ni 10, 104 ni 100. Ukiweka 103 mahali pa 102 kwenye oskileta, sauti inashuka mara kumi, yaani zaidi ya okitavu tatu, utadhani imekufa kumbe inaguguma chini kabisa. Na ile ya muda ya oskileta usiibadilishe na yoyote uliyookota kwenye redio mbovu, maana nyingi za udongo hubadilika thamani joto likipanda.

Kapasita ya kopo: mguu mrefu ni chanya, mstari wa ubavuni ni hasi. Dayodi: pete ya dayodi ikae juu ya pete iliyochorwa kwenye bodi.

Dada_Mikindani

Kuhusu pasi: risasi (waya wa kuungia) ya 60/40 inayeyuka karibu nyuzi 190, basi weka pasi 330 hadi 350. Ile isiyo na madini ya risasi inayeyuka karibu 220, inataka pasi iwe 370 hivi na haimsamehe anayejifunza. Chukua 60/40 nyembamba ya milimita 0.7 au 0.8, na unawe mikono kabla ya kula. Pasi za bei nafuu za wati 60 zisizo na kidhibiti zinapita nyuzi 400, na hapo duara la shaba linabanduka kwenye bodi.

Gusa duara na mguu kwa pamoja, hesabu moja, lisha risasi, ondoa risasi, ondoa pasi. Yote yasizidi sekunde tatu. Kiungo kizuri kina umbo la mlima mdogo unaong'aa. Kikiwa mviringo kama punje ya choroko, risasi imekaa juu ya mguu tu, haijashika shaba.

Ulimbo uliomo ndani ya waya unatosha. Ile dawa ya kuungia mabati na mabomba usiilete karibu na bodi, ina asidi na itaendelea kula shaba wiki nzima.

Lindi_Analojia

Nyongeza kwa sisi wa huku kusini. Usihifadhi bodi chumba kimoja na mifuko ya salfa ya korosho. Vumbi lake linatia weusi shaba na fedha, halafu risasi inakataa kushika, na miguso ya jeki inaanza kukwaruza. Weka kila kitu kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko mzima, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Miguu ikishakuwa ya kijivu, isugue kwa ufutio wa penseli mpaka ing'ae.

Ukimaliza kuunga, safisha upande wa nyuma kwa alkoholi ya isopropili na mswaki mkuukuu. Kuzunguka kapasita ya oskileta na ile ya envelopu mikondo ni midogo mno. Jasho la vidole na ulimbo vikinyonya unyevu wa bahari vinakuwa njia ya umeme, na sauti inaanza kuteleza yenyewe.

FundiVolti

Na vipimo, mkuu. Kabla ya umeme, weka mita kwenye mlio, pima chanya na graundi (sifuri ya umeme), hasi na graundi, chanya na hasi. Kusiwe na mlio wa kudumu. Kisha washa soketi zikiwa tupu. TL072: pini 8 isome +12, pini 4 isome −12. TL074 ni kinyume na unavyotegemea, pini 4 ndiyo chanya na pini 11 ndiyo hasi. LM13700: pini 11 chanya, pini 6 hasi. Zikikaa sawa ndipo uzime, usubiri kapasita ziishiwe, uchomeke aisii.

Chuno_Sauti

Asanteni sana. Nimeunga kwa utaratibu huo, hakuna shoti. Soketi zikiwa tupu, TL072 zote pini 8 inasoma 10.1, pini 4 inasoma 0.00. Nimebadilisha 7912, bado sifuri. Je, hizi regyuleta ni feki?

MzeeWaOmu

Regyuleta hazina kosa, usinunue nyingine. Geuza adapta usome kibandiko, upande wa kutoa. Je, baada ya 12V kuna kiwimbi, au mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake?

Chuno_Sauti

Mstari ulionyooka mzee wangu.

MzeeWaOmu

Basi ndiyo hiyo. Bodi yenye dayodi mbili tu inataka umeme wa kupandisha na kushuka, yaani adapta inayotoa AC. Wimbi likiwa juu dayodi ya kwanza inajaza kapasita ya chanya, likiwa chini ya pili inajaza ya hasi. Adapta yako inatoa umeme ulionyooka, kwa hiyo upande wa hasi haujawahi kuona kitu. Upande wa chanya nao unapata 12 kutoa 0.7 ya dayodi, ni 11.3, wakati 7812 inataka angalau 14 ili itoe 12 kamili. Ndiyo maana umesoma 10.1. Dalili mbili, chanzo kimoja.

Adapta za AC ni adimu madukani. Tafuta kwa fundi wa sabufa transfoma ya 12-0-12 ya miliampia 500. Ncha kwa ncha isome volti 24 za AC, ncha na katikati 12, au zaidi kidogo ikiwa haina mzigo. Usiamini rangi za nyaya: upande wa 230 una ukinzani wa mamia ya omu, upande wa 12 ni omu chache tu. Upande wa 230 uwe na fyuzi ya miliampia 250, viungo vivalishwe mpira wa kusinyaa, na transfoma ifungwe kwenye boksi lake. Hapo hakuna majaribio ya vidole.

Waya wa katikati uende graundi, ncha moja iingie pale adapta ilipokuwa inaingia. Ukiishia hapo itafanya kazi, ila hesabu hailali. Wimbi nusu kwa Hz 50, mzigo wa mA 60 na 470µF, volti inayumba 0.06 ÷ (50 × 0.00047), yaani 2.55. Kilele ni 16.2, kikishuka kinafika 13.7, chini ya 14, na utasikia mngurumo.

Kwa hiyo ongeza 1N4004 mbili nyuma ya bodi kwa ncha ya pili: moja pete yake iende kwenye chanya ya kapasita ya upande chanya, nyingine pete yake ibaki kwenye ncha ya transfoma na mguu wa pili uende kwenye hasi ya kapasita ya upande hasi. Sasa ni wimbi zima la Hz 100, mtikisiko unashuka hadi 1.3, kima cha chini karibu 15.

Lindi_Analojia

Mzee kamaliza. Ila tahadhari: bati la mgongo wa 7812 ni graundi, bati la 7912 ni umeme wa kuingia. Usizifunge zote kwenye bati moja la kupoozea bila karatasi ya maika. Kwa mA 60 wala hazihitaji bati. Ikikuchoma kidole, kuna shoti mahali.

Chuno_Sauti

Imekubali. Chanya 11.98, hasi −12.03, aisii ziko ndani na inalia. Swali la mwisho: noti za chini ziko sawa, za juu zinazidi kupita noti sahihi kila okitavu. Na ikishapata moto inahama tena.

Dada_Mikindani

Hiyo ni skeli (upana wa kila okitavu), ina trima yake ya mizunguko mingi (volyumu ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi), usiichanganye na volyumu ya tuni. Iache iwake dakika 20 kwanza. Pakua programu ya kutuni gitaa kwenye simu. Piga C ya 65.4 Hz, iweke sawa kwa volyumu ya tuni. Piga C ya okitavu mbili juu, inatakiwa isome 261.6. Ikizidi, zungusha trima kidogo, rudi chini usahihishe kwa volyumu, panda tena. Mara tano au sita itakaa. Na kama programu inaonyesha G iliyozidi kwa senti 35 hivi (senti 100 ni nusu-toni moja) hata hujapiga kitu, huo ni mngurumo wa umeme, siyo oskileta.

Kuhama kwa joto: zile transista mbili zinazogusana mgongo karibu na oskileta zipakwe gundi ziwe na joto moja. Hata hivyo skeli inabadilika karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja. Chumba kikipanda nyuzi tano, noti iliyo okitavu tatu juu inahama senti 59, zaidi ya nusu ya nusu-toni, na hiyo inasikika. Rezista maalumu ya 3300 ppm (inayobadilika asilimia 0.33 kwa kila nyuzi) ndiyo inayoiponya. Angalia kwenye mwongozo kama seti yako ina nafasi yake, mara nyingi ni 1k au 2k, na inalazwa juu ya hizo transista.

MzeeWaOmu

Na trima iguse ukiwa umeshafunga boksi, kwa kupitia tundu la bisibisi. Ukituni boksi likiwa wazi halafu ukafunika, joto la ndani linapanda na utaanza upya.