Mafundi wa milango ya gereji ya rimoti, mtatuulia watoto!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Jana jioni ndoo ya plastiki ilisahaulika pale mlango wa gereji unapotua. Nabonyeza rimoti, nasikia "kraa!" Ndoo imepondwa kama karatasi na mota bado inanguruma, inazidi kukandamiza. Mwanangu wa miaka minne hupenda kuchezea palepale na baiskeli yake.

Nikapanda ngazi. Yale macho mawili ya usalama, vile vifaa vinavyorushiana mwanga, yanatakiwa yakae chini, huku na huku kwenye miimo ya mlango, si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni, ili chochote kikikatiza kati yake mlango urudi juu. Nimeyakuta darini kando ya mota, yamefungwa pamoja kwa tepu ya umeme, yanatazamana uso kwa uso! Yaani mota inadanganywa usiku na mchana kwamba njia ni nyeupe.

Nampigia fundi, ananijibu bila hata wasiwasi: "Bosi, yalikuwa yanasumbua, mlango ukawa unagoma kufunga." Uligoma kwa sababu hukuyanyoosha yakatazamana sawasawa! Umelipua kazi, basi.

Na si hayo tu. Hata macho yakifa, mlango ukigusa kitu unatakiwa ugeuze. Huyu bwana kapandisha nguvu ya mota hadi mwisho, kwa kuwa springi zimechoka. Springi ndizo zinazobeba uzito wa mlango, mota inausukuma tu. Nilivuta kamba ya dharura kuuachanisha na mota, nikaunyanyua kwa mikono hadi kiunoni, ukaporomoka nusura univunje mguu. Springi zingekuwa nzima ungebaki pale nilipouacha.

Marekani, tangu 1993, mota za milango ya gereji za nyumbani haziruhusiwi kutengenezwa bila kinga ya kumbana mtu, na hiyo ni baada ya watoto kubanwa na kufa. Kiwanda kinaweka kinga, fundi anaing'oa ili awahi kuondoka!

Wenye milango hii, leo hii lazeni kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 pale unapotua, mfunge. Mlango usipogeuza kurudi juu, chomoeni mota. Springi msiziguse wenyewe, zikifyatuka zinaua.

Mimi nimeshachomoa plagi. Pesa yangu naitaka yote, na fundi yule mlango wangu haugusi tena.