Fizio Mombasa: hospitali ya kaunti, kliniki ya Nyali au kuzunguka majumbani?

Binti_Majengo
Salaam jamani. Nimemaliza diploma ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na miezi ya mafunzo kazini imekwisha. Ningoje ajira ya kaunti, niingie kliniki ya mtu binafsi, au nizunguke majumbani? Mimi hupenda kumjua mgonjwa. Mlioko kazini mwasemaje?

Kaka_Goti
Ukitaka mkono ukomae upesi, kaunti. Asubuhi kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mchana mzee wa kiharusi, mara mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, uliopinda kwa ndani. Lakini kumjua mgonjwa sahau. Foleni ndefu, wampa mazoezi na tarehe, na akikosa nauli humwoni tena.

Mama_Shufaa
Kliniki ni bima. Bima ikilipia vikao sita, cha saba hakuna hata kama bega bado halipandi. Na kuna mahali nilifanya, mwenyewe alitaka kila mtu awekwe mashine ili bili inone. Uliza hilo kabla hujatia sahihi.

Ami_Mji_wa_Kale
Mimi nazunguka majumbani, wengi Kibokoni, huku Mji wa Kale. Nyumba zile ngazi zake nyembamba, zimesimama, na chumba cha mzee kiko juu. Hospitalini wampandisha vidato vitatu vyenye vyuma pande mbili ukaandika "anaweza". Nyumbani wamfundisha kwenye ngazi zenyewe: kupanda mguu mzima utangulie, kushuka utangulie mbovu.

Nilikuwa na mzee, kiharusi kimempiga kushoto, mpira wa kufinya hataki hata kuuona. Nikamuuliza, ataka nini? "Kusujudu." Basi mazoezi yakawa hayo hayo: kushuka magoti kwenye mswala, uzito tuuegemeze mkono mbovu, kisha ainuke kwa kutanguliza mguu mzima, mwanawe amesimama nyuma. Akawa afanya hata nisipokuwapo.

Ubaya wake, wageuka jamaa. Waletewa chai na mahamri, malipo "mwisho wa mwezi inshallah". Na akifariki, wewe pia uko mazikoni.

Kaka_Goti
Ami, na msichana peke yake kuingia nyumba asizozijua?

Ami_Mji_wa_Kale
Kweli, hilo nimelipita. Ziara ya kwanza awepo mtu mwengine wa nyumba. Wasiokubali, usiende.

Mama_Shufaa
Popote uendapo, leseni ya Baraza la Wanafiziotherapia kwanza. Sheria ya Wanafiziotherapia ipo tangu 2014, na leseni ni ya kila mwaka. Mjini wakandaji wanaojiita fizio ni wengi, usihesabiwe nao.

Binti_Majengo
Shukrani. Nadhani nitaingia kliniki siku za kazi, Jumamosi nianze na wagonjwa wawili wa mtaani kwetu. Ami, pesa waomba kabla au baada?

Ami_Mji_wa_Kale
Kabla ya chai.