Naomba ushauri: mkopo wa kikoba niuweke kwenye mtumbwi au vichanja vya kuanikia dagaa?

Wakuu, nipo Kibirizi, Kigoma, nauza dagaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Naunga mkono, ila marejesho ya mkopo hayafungwi! Wataalamu wanasema pia ziwa linapata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua.

Sasa mume wangu anataka mtumbwi wa pili na taa za sola. Mitumbwi yote hiyo, samaki wale wale? Mimi nataka vichanja, maana dagaa wa kuanikwa mchangani wanauzwa bei ya kutupa. Mliowahi kukopa, miezi ya kufungwa mlirejeshaje?