Naomba ushauri: kifua kinabana nikikimbia alfajiri

Habari zenu wakuu. Niko Njombe, najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, ile ya kilomita 21. Nikikimbia alfajiri kwenye baridi, dakika kama 10 tu kifua kinabana na kutoa mlio wa filimbi; nikisimama, kikohozi kikavu kinanishika hadi nainama nimeshika magoti. Jioni kukiwa na joto sipati shida kabisa. Daktari alinisikiliza nikiwa nimepumzika, akasema kifua ni kizima. Kufunga skafu mdomoni kumesaidia kidogo.

Je, hii ni pumu ya mazoezi? Kipimo cha kupuliza, kile cha kupima nguvu ya pumzi, nikapime kabla ya kukimbia au baada? Na mnaotumia pampu ya salbutamol (dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa) kabla ya mazoezi, mnaitumia kila siku? Naogopa mwili usije ukaizoea.