Naomba ushauri: nipige kura nyumbani au nihamishe usajili?

Ndugu zangu, naomba mnishauri kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Naishi na kufanya kazi Nairobi, lakini nimesajiliwa kijijini, ambako chama kimoja kimetawala tangu nipate kitambulisho. Huko anayeshinda mchujo wa chama hicho, hata akiwa mtu ambaye hatujawahi kumwona kwenye baraza la chifu, huwa ameshapita, na uchaguzi wenyewe ni kukamilisha shughuli tu.

Kura ya urais naiona ina uzito popote nitakapoipigia, kwa sababu mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura zisizofika laki mbili na nusu, ilhali wapiga kura waliosajiliwa walizidi milioni 22 na waliojitokeza walikuwa kama milioni 14. Shida yangu ni zile karatasi nyingine tano: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Ninapolala Nairobi barabara haipitiki mvua ikinyesha, na mwakilishi wadi wa hapa hanihesabu kwa kuwa simpigii kura.

Mama anasisitiza nirudi nyumbani, maana kiwanja chetu kiko kule na nauli si hoja (kwake, labda). Je, mliohamisha usajili mjini, viongozi wa wadi waliwasikiliza zaidi? Na aliyebakiza usajili wake kijijini anawezaje kushiriki mchujo wa chama, ambako naona ndiko uamuzi hufanyika?